Rejeta ikigonga usiku, nitakuuliza saa kwanza

Mtu akinipigia simu kwamba rejeta zake, zile za chuma zinazopasha nyumba joto kwa mvuke, zinagonga, simuulizi zinagonga wapi. Namuuliza lini. Boila, yaani mtambo unaochemsha maji kuwa mvuke, ikianza kuwaka? Ikiwa imeshapata moto na inaendelea kuwaka? Ikishazima? Wengi hawana jibu, basi huwaomba wakae macho mzunguko mmoja, saa mkononi. Sauti husafiri ndani ya chuma. Rejeta ya chumbani inaweza kubeba lawama za bomba lililo chini kabisa ya nyumba.

Kishindo kile kama cha nyundo ni maji. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Mvuke huo ukigusa maji yaliyopoa hunywea ghafla na kuacha ombwe, nayo maji hukimbilia kulijaza. Au mvuke unaokuja kwa kasi huyazoa maji yaliyolala bombani na kuyatupa hadi kwenye elbo, ile kona ya bomba. Kwa hiyo kazi yangu ni kutafuta mahali maji yalipolala.

Kelele za mwanzoni, mvuke unapoingia kwenye mabomba baridi, kwa kawaida hutokana na mteremko ulioharibika. Katika mfumo wa bomba moja, mvuke hupanda na maji hushuka njia hiyo hiyo, hivyo rejeta lazima iinamie upande wa vali, pale bomba linapoingia. Miguu ikididimia sakafuni kidogo kidogo kwa miaka, maji hukosa pa kutokea. Weka pimamaji juu yake. Mara nyingi vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya upande wa mbali vinatosha. Vali nayo iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiiacha nusu ili kupunguza joto, mvuke unaopenya pale huyazuia maji yasitoke.

Niliwahi kubadilisha vitoa hewa vya nyumba nzima, yaani vile vali vidogo vinavyotoa hewa kwenye rejeta, nikalipwa, na vishindo vikabaki pale pale. Ziara ya tatu ndipo nilipoangaza tochi kwenye bomba kuu: kishikio kimoja kilikuwa kimeng'olewa kupisha rafu, bomba likalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Nililiinua, nikalifunga, nyumba ikanyamaza. Pesa ya vitoa hewa nilirudisha, kwa aibu.

Kelele za katikati hunipeleka kwenye boila. Tazama kioo cha kuonyesha kiwango: maji yakirukaruka sana, huenda yana mafuta, hasa kama boila ni mpya, maana mafuta ya kukatia nyuzi za skrubu kwenye ncha za mabomba hubaki ndani. Kumwaga maji kwa chini hakusaidii, mafuta yanaelea. Yaondolewe polepole kupitia tundu la juu. Angalia na geji ya shinikizo. Nyumba ya kawaida haihitaji zaidi ya paundi 2 kwa inchi ya mraba, na anayepandisha shinikizo kwa sababu chumba kimoja ni baridi anajiongezea matatizo tu.

Mlio wa tik-tik mara nyingi ni bomba linalosugua mbao. Bomba la chuma la mita 10 likitoka nyuzi joto 20 hadi 100 za Selsiasi hurefuka karibu sentimita 1. Panua kidogo tundu linamopita, basi. Mlio mfupi wa "sss" kwenye kitoa hewa ni hewa inayotoka, jambo jema. Ukiendelea rejeta ikishapata moto na mvuke ukatoka, kitoa hewa kimekufa.

Mabomba yaliyo wazi mahali pa baridi hutengeneza maji mengi kuliko yaliyovikwa vazi la kuzuia joto lisipotee, lakini vazi la zamani jeupe linalomeng'enyeka usiliguse wala kulifagia. Linaweza kuwa na asbesto, na hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa vyake.

Na siku utakapoona kioo hakina maji kabisa, zima boila na usikimbilie kuongeza maji baridi. Chuma kilichokauka kikiwa cha moto hupasuka. Kiache kipoe, halafu mwite fundi.