Mtoto Anakua, Mzazi Anakaa: Ufafanuzi Kuhusu Mazoezi ya Wazazi

Tangu Desemba 2016, ilipotangazwa kitaifa kuwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, vikundi vya joging vimeongezeka jijini Mwanza, na sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, tunalipongeza jambo hilo kwa tahadhari. Tahadhari yetu inatokana na Jumatatu inayofuata, ambapo hutufikia wazazi wenye umri wa miaka 40 na zaidi wakichechemea, kwa kuwa walikimbia hadi Capri Point na kurudi bila kuwa wamefanya zoezi lolote tangu Jumamosi ya mwezi uliopita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku mbili katika wiki hiyo hiyo. Kukimbia mara moja kwa mwezi na kumalizia kwa supu ya kongoro na chapati mbili hakufikii kiwango hicho, hata fulana ikiwa imeloa jasho.

Wazazi wengi hawakuacha mazoezi kwa uamuzi wao, bali walinyang'anywa kidogo kidogo na watoto wao wenyewe. Mtoto wa miaka miwili humfanya mama au baba ainame, achuchumae, ainue kilo 12 mara kadhaa kwa siku na kumkimbilia kabla hajafika barabarani. Akifika darasa la kwanza, bajaji au basi la shule linampitia mlangoni. Akifika kidato cha kwanza, ndiye anayetumwa dukani, ndiye anayechota maji, ndiye anayeosha gari, na mzazi anatoa maagizo akiwa kitini. Kila hatua ya mtoto kujitegemea humwondolea mzazi kazi fulani ya mwili, na ni nadra mzazi kuweka nyingine mahali pake. Yote haya hutokea katika umri ambao misuli imeshaanza kupungua yenyewe, kwani hali hiyo huanza taratibu baada ya miaka 30, mtu awe na watoto au asiwe nao.

Si wazazi wote wanaohitaji ushauri mmoja. Mama anayeishi kwenye miamba ya Igogo na kupanda na ndoo ya maji kichwani mara mbili kwa siku huenda ameshatimiza dakika zake kabla ya chai. Yeye tunamfundisha zaidi namna ya kuinua mzigo bila kuumiza mgongo. Mfanyabiashara wa eneo la Makoroboi anayefungua duka saa mbili asubuhi na kulifunga saa moja jioni huchoka kweli, lakini ni uchovu wa kukaa na kubishana bei, nao hauhesabiki kama mazoezi. Tumelieleza hili mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Vivyo hivyo kitambi si cheti cha kufanikiwa, na anayeogopa kupungua kwa kuhofia majirani watasema anaumwa anapaswa kujiuliza watasema nini akipooza upande mmoja.

Kabla ya kuanza, mzazi mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, au mwenye historia ya kisukari au shinikizo la damu katika familia, apimwe shinikizo la damu na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Utaratibu wa kupima shinikizo ni rahisi, ila unavurugwa kila siku. Asivute sigara, asinywe kahawa wala asifanye mazoezi katika dakika 30 kabla ya kipimo. Aende haja ndogo kwanza, kisha aketi kimya kwa dakika tano akiwa ameegemeza mgongo, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, mkono ukiwa wazi na umepumzishwa usawa wa moyo. Asizungumze wakati kifaa kinapima, na simu pia ni mazungumzo. Hupimwa angalau mara mbili, na majibu ya 140 kwa 90 au zaidi hurudiwa siku nyingine kabla ya mtu kuambiwa ana shinikizo la juu la damu. Akikutwa na 180 kwa 110 au zaidi, asianze mazoezi hadi atakapoonwa na daktari. Kwa sukari, afike akiwa hajala kwa saa nane; chai yenye maziwa ni chakula.

Wapo wanaotaka cheti cha kuthibitisha kuwa wanafaa kukimbia bila kupimwa, eti kwa sababu kiongozi wa kikundi anahitaji karatasi tu. Cheti cha namna hiyo hakitolewi. Daktari atakayekitoa anaweza kuitwa kujieleza mbele ya Baraza la Madaktari, na anayekighushi anatenda kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Baada ya hapo, mzazi aanze kwa kutembea haraka kiasi cha kuweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, nusu saa, siku tano kwa wiki. Njia iliyo rahisi zaidi ni kurudisha kazi alizonyang'anywa: ampeleke mtoto shule kwa miguu akiwa bado wa umri wa kupelekwa, na akishakua waende pamoja Jumapili hadi sokoni Mwaloni Kirumba, kila mmoja abebe mfuko wake. Mtoto naye, kati ya miaka 5 na 17, anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku, hivyo nusu ya dakika hizo wanaweza kuzitumia wote wawili. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuogelea ziwani, ambako kila msimu wa joto tunaulizwa kama ni zoezi zuri la familia, kuogelea ni zoezi zuri, ila ukingo wa Ziwa Victoria wenye majani na konokono si mahali pake. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono hao na hupenya hata ngozi isiyo na jeraha, na kujifuta kwa taulo baadaye si kinga ya kutegemea. Familia ambayo imeshaogelea ifike kupimwa choo baada ya wiki sita hadi nane, kisha wenye vimelea wapewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa kipimo kinacholingana na uzito au urefu, baada ya kula. Wazazi hutujibu kwamba dawa hiyo watoto hupewa shuleni. Ni kweli, lakini baba aliyeingia majini pamoja nao hayumo kwenye orodha ya mwalimu.