Papa kuingiliana sio kugombania chakula

Hii ya kusema papa wakiingiliana, yaani aina mbili zikitumia chakula au makazi yale yale, basi wanagombania, nimeisikia mpaka imenichosha. Mtu anasoma kwamba aina tatu za papa zimekutwa kwenye ghuba moja na matumboni mwao kuna chakula kinachofanana, hapo hapo anakimbilia kusema kuna ushindani mkali. Mwingine akisikia papa "wanagawana" chakula na makazi anadhani kuna makubaliano, eti huyu kapewa kina kirefu na yule kapewa maji ya pwani. Hakuna kikao kilichokaliwa huko chini jamani.

Maana yenyewe fupi tu: kugawana rasilimali ni pale viumbe wanaoishi eneo moja wanapotofautiana kwenye wanachokula, wanapokaa au muda wanaohangaika, na tofauti hiyo ikawasaidia kuishi pamoja. Mwanaikolojia Thomas Schoener alipitia tafiti nyingi za wanyama mwaka 1974 akaona mara nyingi tofauti iko kwenye makazi, chakula kinafuata, muda ndo wa mwisho.

Kwa papa wa pwani ya Florida utaona karibu yote hayo. Kuna yule papa nyundo mdogo, Sphyrna tiburo, kichwa chake kama koleo, anazunguka kwenye nyasi za baharini akitafuta kaa (na mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba hata hizo nyasi anazimeng'enya, makubwa haya). Papa ncha-nyeusi yuko maji yale yale lakini yeye anakimbiza samaki. Halafu utafiti wa 2021 uliowafungia papa wa aina sita vifaa vya kurekodi mwendo, pwani ya Florida upande wa Ghuba ya Meksiko, ulikuta papa fahali anachangamka zaidi asubuhi mapema, papa chui mchana, ncha-nyeusi jioni na papa nyundo wakubwa usiku. Watu wakaandika "papa wanafanya kazi kwa shifti". Sio shifti, ni saa ambazo kila aina inachangamka kuliko saa nyingine, wengine hawajaenda kulala.

Sasa kinachonikera. Kuingiliana maana yake wawili wanatumia kitu kimoja, nukta. Ushindani unahitaji kitu hicho kiwe hakitoshi, na mmoja aumie kwa sababu mwenzake anakitumia. Mwanabiolojia Gause, kwenye kazi aliyoichapisha mwaka 1934, aliweka aina mbili za paramesia (vijidudu vya seli moja vya majini) kwenye chombo kimoja na chakula cha kupimiwa, aina moja ikaisha kabisa, nyingine ikabaki. Sawa, ila kile ni chombo, hakuna pa kukimbilia. Ghuba yenye samaki wadogo na kamba tele ni habari nyingine, pale papa wachanga wa aina kadhaa wanaweza kula kitu kile kile msimu mzima bila yeyote kukonda, yaani kuingiliana kukubwa kunaweza kuwa dalili ya neema na wewe unaisoma kama vita. Na kinyume chake pia, chakula kikipungua ndo mara nyingi kila mmoja anarudi kwenye kile anachokimudu kuliko mwenzake, kuingiliana kunashuka, halafu msomaji anasema aah sasa kuna amani.

Hata hiyo namba inayosema papa wanaingiliana kiasi gani iulizwe imetoka wapi. Ukipasua tumbo la papa mara nyingi unakuta tupu, au uji wa nyama na vipande viwili vya uti wa mgongo, ukibahatika unapata kale kajiwe ka sikioni mwa samaki ambako kanaweza kukuambia ni samaki gani. Usipokapata unaandika "samaki asiyetambulika". Ukijaza fomu hivyo kwa papa wote basi wote wanakula "samaki", wanafanana kwelikweli, na kumbe mmoja alikula wa mchangani na mwingine wa maji ya juu. Kupima aina nzito na nyepesi za naitrojeni na kaboni kwenye misuli kunasaidia kujua mlo wa muda mrefu, ila papa wawili wanaweza kutoa vipimo sawa kwa milo tofauti.

Na umri usisahaulike. Papa fahali mchanga anakaa midomo ya mito na ndani ya mito yenyewe, mkubwa yuko baharini, kwa hiyo ukisema "papa fahali anaingiliana na fulani" nitakuuliza yupi, maana mtoto na mama yake wanaweza kutofautiana kuliko aina mbili za papa.

Kwa hiyo ukikutana tena na papa wawili wenye mlo unaofanana, andika "wanaingiliana" na uishie hapo, mpaka mtu akuonyeshe kwamba chakula kilikuwa hakitoshi na mmoja wao akakonda, akahama au akalazimika kula kingine kwa sababu ya mwenzake.