Bima ya gari kongwe: anza na thamani

Ukimpelekea wakala wa bima wa Kampala Peugeot 504 au Land Rover ya miaka ya 1970, atauliza kwanza mwaka ilipoundwa. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa, inayofidia hata gari lako mwenyewe, kwa gari la umri huo. Kipuri hakipo dukani, fundi atakisaka kwenye soko la vipuri la Kisekka kwa majuma, na gharama ya matengenezo huweza kupita thamani ya gari zima.

Bima ya lazima, iliyowekwa na sheria ya 1989, haikwepeki maadamu gari liko barabarani. Lakini inafidia majeraha na vifo vya watu wengine tu. Gari lako halimo, wala la uliyemgonga. Kwa gari linalotoka Jumapili tu, omba nyongeza ya uharibifu wa mali za wengine, pamoja na moto na wizi. Ni nafuu kuliko bima kubwa.

Ukitaka bima kubwa, usipunguze thamani ili ulipe ada ndogo. Wengi huumia hapo. Gari la shilingi milioni 20 ukiliandika milioni 10, hasara ikiwa milioni 4, kampuni italipa nusu: milioni 2, kisha ikate kiasi unachojigharamia mwenyewe. Kuzidisha nako hakusaidii, kwani fidia hufuata bei ya soko ya siku ya ajali. Gari lililofufuliwa kwa gharama kubwa liombee thamani iliyokubaliwa, yaani mnayopatana na kampuni mapema, na iandikwe ndani ya mkataba. Kabla ya kumlipa mthamini, hakikisha kampuni inamtambua. Mpe risiti za matengenezo na picha za namba ya chesisi.

Kagua pia namba ya injini. Magari haya mengi yamebadilishwa injini, na namba isiyolingana na kadi ya gari ni mwanya wa kukataliwa madai. Irekebishe kwanza kwenye usajili.

Ada hushuka ukikubali kujigharamia zaidi, ukifunga kifaa cha kufuatilia gari, au ukilikatia bima pamoja na gari lako la kila siku. Ila ukitangaza matumizi binafsi kisha ukalikodisha kwa harusi, madai yako hayatalipwa, hata kama bibi harusi ni binamu yako.

Ukitajiwa bei kwa simu, uliza kama kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 na ushuru wa stempu vimo. Kabla ya kulipa, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda.