Nyayo za kupinda: plasta fupi haitoshi
Wazazi bado huambiwa kwamba plasta ya chini ya goti, ikikazwa vizuri, itanyoosha unyayo wa kichanga aliyezaliwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani. Sivyo: huteleza, na unyayo hugeukia ndani tena.

Njia ya zamani ya daktari Kite ilikandamiza ubavu wa nje wa unyayo. Kisigino kikakwama, plasta zikaendelea kwa miezi. Daktari Ponseti, huko Iowa, Marekani, alihamishia kidole gumba cha mkono wake kwenye kichwa cha talasi, mfupa ulio kwenye kifundo cha mguu, kisigino kikabaki huru kuzunguka. Plasta yake hutoka vidoleni hadi juu ya paja, goti limekunjwa nyuzi 90. Hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino, kisha plasta ya mwisho, wiki 3.

Baadaye viatu vilivyounganishwa kwa upau: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala hadi umri wa miaka 4. Vikiachwa mapema, unyayo hupinda upya.