Mikono Inayofanya Kazi ya Miguu: Dhana Potofu Kuhusu Ushonaji na Ulemavu wa Viungo

Kijana akipooza miguu, ushauri wa kwanza anaopewa ni kwamba ajifunze ushonaji. Miguu imekataa, mikono ipo, basi atafutiwe cherehani. Nia ni njema, na mara nyingi kazi yenyewe inamfaa. Lakini ushauri huo huja na imani nyingine nyingi zisizo za kweli, na hizo ndizo zinazomfanya aache kushona baada ya muda, huku jirani wote wakisema ulemavu umemshinda.

"Cherehani inataka miguu miwili"

Dhana hii inatokana na cherehani tuliyoizoea, ile ya kukanyaga, ambayo utaiona kwenye kila baraza la fundi. Kumbe kazi ya miguu pale ni kuzungusha gurudumu tu. Ushonaji wenyewe uko machoni na vidoleni. Kwa hiyo chochote kitakachozungusha gurudumu kinatosha.

Mwenye mguu mmoja wenye nguvu anaweza kuendesha kikanyagio kwa huo mmoja, akianza kwa kulisukuma gurudumu la juu kwa mkono. Asiye na nguvu katika mguu wowote ana cherehani ya mkono, yenye kishikio kwenye gurudumu la pembeni, nayo hukaa juu ya meza yoyote. Kasoro yake ni kwamba mkono wa kulia unazungusha na wa kushoto unabaki peke yake kuongoza kitambaa, hivyo kola na mikono ya shati huwa taabu. Lakini kwa anayeshona mfarishi wa viraka, yaani vipande vya vitenge vilivyounganishwa na kutiwa pamba katikati, kasoro hiyo haimgusi sana: karibu kazi yote ni mishono mifupi iliyonyooka. Na malighafi ni mabaki ambayo mafundi wengine wanafagia.

Cherehani ya umeme ina pedeli, na watu hudhani lazima ikae sakafuni. Si lazima. Iweke juu ya meza uibonyeze kwa kiwiko, au iegemezwe mahali ambapo paja au goti lenye nguvu kidogo linaweza kuisukuma. Baadhi ya mashine za siku hizi zina kitufe cha kuanzisha na kusimamisha kwa kidole, pamoja na kitelezi cha kupangia mwendo, na hizo hazihitaji pedeli kabisa.

"Miguu ndiyo imelemaa, mikono haina shida"

Hapa ndipo ningependa kila mzazi, mwalimu wa ufundi na mfadhili asimame kidogo.

Anayetumia kiti mwendo husukuma magurudumu kwa mikono. Hujihamisha kutoka kitandani hadi kitini kwa mikono, na hujinyanyua bafuni kwa mikono. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu huiendesha kwa mikono, juani na kwenye vilima, mpaka afike kazini. Akifika, mikono hiyo hiyo inaanza siku ya kukata, kusukuma kitambaa na kupiga pasi. Ndiyo maana maumivu ya mabega ni ya kawaida sana kwa waliotumia kiti mwendo kwa miaka mingi, na ndiyo maana wengi wao hubanwa neva inayopita kwenye kifundo cha mkono. Dalili zake fundi huzijua kabla ya daktari: ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, na sindano kuponyoka bila mtu kuhisi.

Fundi anayetembea akiumia mkono atafunga bandeji, ataacha kushona wiki mbili na maisha yataendelea. Aliye kwenye kiti mwendo akiumia mkono, hawezi tena hata kufika chooni peke yake. Kumwambia "wewe mikono yako ina nguvu" na kumwachia mikasi mizito ya kukatia tabaka nane za kitenge ni kumwibia miguu yake ya pili.

Basi ifanyike nini? Kwanza meza. Meza ya cherehani ya kukanyaga ina vyuma chini, na magoti ya aliye kwenye kiti mwendo hayapiti. Matokeo yake hukaa upande, kiuno kimepinda, bega moja juu, siku nzima. Vyuma vya chini vitolewe au cherehani ihamishiwe kwenye meza tupu isiyo na droo. Nafasi ya takriban sentimita 70 kutoka sakafuni hadi chini ya ubao huwatosha wengi, lakini kipimo bora ni mwenyewe: aingie na kiti chake, alegeze mabega, na viwiko vikae karibu na pembe mraba juu ya meza. Ikibidi anyanyue mabega ili afikie sindano, meza iko juu mno kwake, hata kama fundi wa jirani anaisifu.

Pili, kukata. Kukata kwa mkasi ndiko kunakoumiza mkono kuliko kushona. Kisu cha duara kinachobiringishwa juu ya kitambaa, pamoja na rula na kibao cha kukatia, hupunguza sana kazi ya vidole, kwa sababu nguvu inatoka begani na si kwenye gumba. Tatu, uzito. Mfarishi wa kitanda kikubwa ukikamilika ni mzigo, na kuuburuta chini ya sindano huchosha mabega kupita kiasi. Njia nzuri ni kushona tabaka zote tatu, yaani viraka vya juu, pamba na kitambaa cha chini, kwenye vipande vidogo, kimoja kimoja, kisha kuviunganisha mwishoni. Mikono hubeba kipande kidogo karibu wakati wote.

Kuna hatari nyingine mbili ambazo hazisemwi vya kutosha darasani. Asiyehisi makalio yake hupata vidonda kwa kukaa bila kusogea, na kushona humfanya mtu asahau muda. Wataalamu hushauri kupunguza mgandamizo kila dakika 15 hadi 30, kwa mfano kuinamia mbele juu ya meza au kuegemea upande mmoja na kisha mwingine. Hatari ya pili ni mapaja. Kila mshonaji huweka vitu mapajani: pini, mkasi, hata pasi kwa sekunde chache. Asiyehisi miguu anaweza kuungua vibaya na asijue mpaka asikie harufu. Kwake pasi isiguse mapaja kamwe, hata kama mguu umefunikwa na kitambaa kizito.

"Magongo hubebwa na kwapa"

Hii ni imani ya mwendo, lakini huishia kwenye sindano. Anayening'inia kwa makwapa juu ya magongo hubana neva inayoshuka mkononi, na mwisho wake unaweza kuwa kifundo cha mkono kulegea, kiganja kikaning'inia, na vidole kushindwa kunyooka. Nani atashona hivyo? Gongo liishe upana wa vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja kwenye vishikio, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Magongo mengi hutolewa bila kupimwa, hivyo mwalimu wa ushonaji akiona mwanafunzi analalamika ganzi, aanze kwa kutazama magongo yake kabla ya kulaumu mkasi.

"Mkono mmoja haushoni"

Unashona. Anayepona kiharusi au aliyezaliwa na mkono mmoja anahitaji kitu kimoja tu badala ya mkono wa pili: kitu cha kumshikia kazi. Klampu ya seremala hufunga fremu ya kudarizia kwenye ukingo wa meza. Kipande cha msasa kikigandishwa chini ya rula, rula haitelezi. Sindano ikichomekwa wima kwenye kipande cha sabuni ya mche hutungwa uzi kwa mkono mmoja, na kile kiwaya chembamba cha kutungia hurahisisha zaidi. Kwa wenye baridi yabisi, vidole vinavyoshindwa kufumba hushika vyema kitu kinene kuliko chembamba, kwa hiyo mpira wa tyubu ya baiskeli uzungushwe kwenye kishikio cha kisu au kalamu ya chaki mpaka unene. Sumaku iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo huokota pini sakafuni bila mtu kuinama.

Nimetaja vitu hivi makusudi, maana wengi huamini kwamba vifaa vya kusaidia lazima viagizwe Ulaya. Vingi viko kwa seremala na kwa fundi baiskeli.

"Maumivu ni sehemu ya kazi, vumilia"

Maumivu yanayobaki baada ya kupumzika usiku si ya kuvumilia. Ni ishara kwamba kimo, kifaa au muda haufai. Kwa mwenye baridi yabisi, viungo vikivimba na kupata moto, siku hiyo apange rangi za vipande au apunguze mwendo, asilazimishe. Kazi ndogo na nyepesi kama kudarizi kofia inafaa pia kwa anayelazimika kufanya kazi akiwa kitandani, lakini nayo ina mipaka yake ya macho na vidole.

"Ukisaidiwa, si kazi yako tena"

Dhana hii inaumiza, kwa sababu wenye ulemavu wenyewe huibeba. Tazama karakana yoyote ya ushonaji: mmoja anakata, mwingine anashona, kijana wa mwisho anatia vifungo na kupiga pasi, na nguo huitwa ya fundi mkuu bila ubishi. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941 na baada ya hapo akawa anafanya kazi mara nyingi kitandani au kwenye kiti mwendo. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akazikata kwa mkasi, wao wakazibandika ukutani kama alivyoelekeza. Kazi hizo zinahesabiwa miongoni mwa bora alizowahi kutoa. Mshonaji anayechagua rangi, anayepanga vipande na kuamua mshono upite wapi ndiye mwenye mfarishi, hata kama mpwa wake ndiye aliyekata.

"Wateja hununua kwa huruma"

Huruma hununua mara moja. Karakana za Bombolulu, Mombasa, zilizoanza mwaka 1969 chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya, zimetoa mapambo, vitambaa na vinyago vinavyonunuliwa na wageni na wenyeji. Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kisha ikapanuka kuingia ushonaji, ufumaji na kazi nyingine, ikiajiri watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Hakuna karakana inayodumu miaka hiyo kwa bidhaa zilizoshonwa ovyo. Kwa hiyo bei iwekwe kwa kazi, na kosa la mshono lirekebishwe kama la fundi yeyote.

Tanzania, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Vikundi vya ushonaji vinapoandika maombi, mara nyingi huandika cherehani peke yake. Meza iliyokatwa na seremala kwa kimo cha kila mwanachama, mto wa kukalia na kisu cha duara ni nafuu kuliko cherehani moja, na viingizwe kwenye maombi tangu siku ya kwanza.