Koti jekundu halimfanyi mpiga ngoma kuwa Mwingereza

Jamani hili la makoti nimelisikia mpaka nimechoka. Kikundi cha filimbi na ngoma za kihistoria cha Marekani kikienda kupiga muziki Ulaya lazima atokee mtu aseme hawa wamekosea, mbona wamevaa nyekundu kama Waingereza. Hawajakosea! Majeshi ya wakati wa vita vya uhuru wa Marekani yalikuwa yanawageuzia wanamuziki rangi, yaani askari akiwa na koti la bluu lenye kola nyekundu, mpiga ngoma wake anavaa jekundu lenye kola ya bluu. Oktoba 1779 Jenerali George Washington aliagiza makoti ya bluu, na vikosi vya Pennsylvania, Delaware, Maryland na Virginia vikapangiwa mapambo mekundu, yaani kola na ncha za mikono, sasa geuza hapo upate jibu. Na sababu yake ni ya kazi, uwanja umejaa moshi wa baruti na kamanda anamtaka mpiga ngoma sasa hivi maana amri zinapitia kwake, hana muda wa kutafuta sura. Wale wa The Old Guard Fife and Drum Corps wa jeshi la Marekani, walioanza 1960, ndiyo maana wanavaa jekundu mpaka leo. Tena hao Waingereza wenyewe, regimenti yenye mapambo ya njano wapiga ngoma wake walivaa makoti ya njano! Kwa hiyo angalia kikosi kizima, usimhukumu mtu kwa koti la mpiga ngoma, nawaambia kila siku.

Eti wapiga ngoma na filimbi wote walikuwa watoto. Wadogo walikuwepo ndiyo, ila watu wazima walikuwa wengi.

Eti ngoma ilikuwa burudani tu. Hapana, kuamka, kukusanyika, kuanza safari, mpaka kuchota maji na kutafuta kuni, kila kitu kilikuwa na mdundo wake.

Halafu kuna wanaosema filimbi ya mpingo huwezi kuvuka nayo mpaka. Filimbi nyingi nzuri za leo ni mpingo, mti wetu wa Tanzania na Msumbiji, na 2017 masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yalibana kweli, lakini tangu mwisho wa 2019 ala ya mpingo iliyokamilika haidaiwi tena kibali cha CITES. Ya mti wa rosewood wa Brazil ndiyo bado ina masharti makali, hiyo iache nyumbani. Na ngoma za ngozi ya ndama legezeni kamba kila mkimaliza kupiga, tafadhali, hewa kavu inaivuta ngozi mpaka inachanika.