Kuuza huduma za sheria nje ya nchi: dhana potofu zinazowarudisha nyuma mawakili wetu

Wakili wa Arusha au Mwanza akisikia habari ya kuuza huduma za sheria nje, huwaza ghorofa la London, anaguna, kisha anarudi kwenye mafaili yake. Inaniuma, maana soko hilo liko karibu naye kuliko anavyodhani.

Dhana: Ni lazima ufungue ofisi ng'ambo.

Ukweli: Mkataba wa biashara ya huduma wa Shirika la Biashara Duniani, uliopo tangu 1995, unataja njia nne: huduma kuvuka mpaka mtoaji akiwa kwake, mteja kuifuata iliko, kufungua ofisi, na mtaalamu kusafiri. Njia moja tu ndiyo inayodai ofisi. Maoni ya kisheria yaliyoandikwa Upanga, Dar es Salaam, yakatumwa Frankfurt kwa barua pepe na kulipiwa kutoka huko, tayari ni mauzo ya nje.

Dhana: Mteja wa nje anataka wakili anayejua sheria za kwao.

Ukweli: Hao anao tele. Anachokosa ni mtu wa kumweleza sheria yetu inasemaje. Chukua benki ya Uingereza inayotaka kuikopesha kampuni ya Tanzania. Mkataba unaweza kufuata sheria ya Uingereza, lakini kwa kawaida fedha hazitoki mpaka wakili wa hapa asaini maoni yake. Ataanzia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni: kampuni bado ipo kwenye daftari? Wanaosaini ndio wakurugenzi walioandikishwa? Katiba ya kampuni inaruhusu kukopa kiasi hicho? Kisha aiangalie dhamana, kwa sababu isiposajiliwa ndani ya siku 42, kampuni ikifilisika wadai wengine wataipuuza. Na mkopo wenyewe unahitaji namba ya kumbukumbu ya deni kutoka Benki Kuu. Mambo haya wakili wa London hawezi kuyathibitisha bila mwenzake wa huku.

Wapo pia ndugu zetu wa Muscat, Toronto na Minneapolis, ambao mawakili wengi huwasahau. Mmoja ana mirathi ya mzazi Tanga. Mwingine kiwanja chake cha Kigamboni kiliandikwa kwa jina la shemeji, na sasa shemeji hapokei simu. Mwingine amechukua uraia wa Canada na anauliza kama bado anaweza kumiliki ardhi, na kwa utaratibu upi. Ada zao ni ndogo kuliko za benki, lakini akihudumiwa vizuri mmoja, jamaa zake wote wa mji ule watapata namba yako.

Dhana: Mashauri ya kimataifa ni ya wenye leseni za huko tu.

Ukweli: Kwa mahakama, kwa kiasi kikubwa ni kweli. Hata katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, sheria za uwakili za kila nchi ndizo zinazoamua nani asimame mbele ya hakimu. Usuluhishi, yaani mgogoro kuamuliwa nje ya mahakama na wasuluhishi ambao pande zenyewe zimekubali, ni habari nyingine. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya 1996 kinamruhusu mhusika kuwakilishwa na wakili au mtu mwingine yeyote anayemchagua, isipokuwa pande zote zikubaliane vinginevyo. Kwa hiyo wakili wa Dar es Salaam anaweza kumtetea mteja wake London bila leseni ya Uingereza. Na uamuzi wa wasuluhishi waliokaa Dar es Salaam unaweza kukaziwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama, Muscat au Dubai kwa Mkataba wa New York wa 1958 unaohusu maamuzi ya usuluhishi ya nje, ambao Tanzania iliridhia mwaka 1964.

Dhana: Kazi hizi ni za kampuni kubwa.

Ukweli: Mteja aliye mbali humpima wakili kwa barua pepe inayojibiwa siku hiyohiyo, ada inayotajwa kabla kazi haijaanza, na maoni yanayosema wazi lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Ofisi ya mawakili wawili inayaweza yote hayo. Nionavyo mimi, kuchelewa kujibu kunatupotezea kazi nyingi kuliko udogo wa ofisi.

Dhana: Fedha ikitoka nje, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) haihusiki.

Ukweli: Huduma kwa mteja aliye nje, iliyotumika nje, hutozwa asilimia sifuri badala ya 18. Lakini huduma inayohusu moja kwa moja ardhi iliyoko hapa, kama kile kiwanja cha Kigamboni, haiingii kwenye nafuu hiyo hata kama mteja anaishi Toronto. Tenganisha ankara hizo mapema, na tunza mkataba na uthibitisho wa anakoishi mteja.